Mtihani Niliomchagulia Mpwa Wangu

Nilimchagulia mpwa wangu mtihani usiomfaa. Alitaka kuwa daktari na uwezo alikuwa nao. Kosa lilikuwa langu. Nalisema wazi kwa sababu hapa Ixelles, Brussels, hasa kwetu Matonge, kila mwaka kuna kijana anayesubiri neno la mjomba au shangazi kabla ya kujiandikisha.

Ubelgiji haina mlango mmoja wa kuingilia masomo ya udaktari. Vyuo vya Kifaransa, kama ULB, UCLouvain na Liège, vina mtihani wa pamoja tangu 2017, na tangu 2023 umekuwa wa ushindani: nafasi zimehesabiwa, kwa hiyo kupata alama za kupita peke yake hakutoshi. Hufanyika mwishoni mwa Agosti. Vyuo vya Kiholanzi, kama VUB, Leuven na Ghent, vina mtihani wao tangu 1997, nao hufanyika Julai. Kote hupimwa biolojia, kemia, fizikia na hisabati, pamoja na uwezo wa kusoma, kuchambua na kuwasiliana.

Mpwa wangu alisoma shule za Kiholanzi tangu chekechea, kama watoto wengi wa Kiafrika hapa Brussels. Nyumbani tunazungumza Kifaransa na Kiswahili cha Bukavu, na kwa jinsi alivyokuwa akikimwaga Kifaransa mezani, sikuona tatizo. Tena kichwani mwangu udaktari na Kifaransa vilikuwa kitu kimoja. Wazee waliotulea waliwaheshimu sana madaktari waliotoka Lovanium, chuo kilichoanzishwa Kinshasa mwaka 1954 chini ya mkono wa Chuo Kikuu cha Louvain, ambako masomo yalikuwa kwa Kifaransa. Juu ya hayo kulikuwa na fahari yangu. Nilitaka kuwaambia watu kwamba mtoto wetu yuko ULB, chuo cha hapa hapa mtaani. Hata hilo sikulichunguza. ULB na VUB, zilizotenganishwa kisheria mwaka 1970, zina kampasi zinazopakana hapa Ixelles, lakini vitivyo vyao vya udaktari haviko huku: cha ULB kiko Anderlecht, kwenye hospitali ya Erasme, na cha VUB kiko Jette.

"Mjomba, kemia yangu yote iko kwa Kiholanzi," aliniambia wakati wa kujiandikisha. Nikamjibu kwamba kemia ni kemia. Muda wa kujiandikisha kwa mtihani wa Julai ukapita bila jina lake.

Nililiona kosa langu Agosti, mezani kwangu. Alikuwa akijibu maswali ya miaka iliyopita, simu ikimhesabia dakika, nami nikasimama nyuma yake. Alisoma swali la kemia, akarudi kulisoma upya, kisha akachukua penseli na kuandika pembeni maneno ya Kiholanzi. Kwenye azote aliweka stikstof. Kwenye oxygène aliweka zuurstof. Alipomaliza, hesabu yenyewe aliifanya bila kusita, na jibu lilikuwa sahihi. Nikafunua kurasa za nyuma. Zote zilikuwa na penseli ile pembeni. Maswali aliyoyafikia aliyapata karibu yote, mengi hakuyafikia. Kemia aliijua. Dakika zake ziliishia kwenye kutafsiri, na mimi ndiye niliyempa kazi hiyo.

Nikanyamaza. Nilimwambia tu, "Endelea, mwanangu," nikaondoka. Ningeweza kukiri pale pale, ili asidhani ana akili nzito. Sikukiri. Hilo ni kosa la pili, na ndilo linaloniuma zaidi.

Hakupata nafasi. Alipoteza mwaka mzima, na wenzake wa shule wamemtangulia. Julai iliyofuata alifanya mtihani wa Kiholanzi, akafaulu, na sasa anasoma Jette. Maamuzi ya masomo anayafanya mwenyewe siku hizi. Mimi naambiwa matokeo. Sina haki ya kulalamika.

Wewe unayeombwa ushauri, usianze na jina la chuo. Fungua kwanza madaftari ya kijana, uone sayansi ameisoma kwa lugha gani na wapi ana nguvu. Mpe maswali ya mfano ya mitihani yote miwili, umpimie muda, kisha mlinganishe: kama anakwama, je, ni kwa sababu somo halijui, au ni lugha inayomchelewesha? Hayo ni matatizo mawili tofauti na kila moja lina dawa yake. Tazama mapema tarehe za mwisho za kujiandikisha. Kama anazimudu lugha zote mbili, ajiandikishe kote kuwili; mmoja ni Julai na mwingine ni Agosti.

Na akikwambia kemia yake iko kwa Kiholanzi, msikilize. Aliyekaa darasani ni yeye.