Kumbe Nami Nilikuwa Mwanachama

Kwa miaka sita nilikuwa nalipia uanachama wa jumuiya ambayo hata sikujua kama ipo. Aliyenifumbua macho ni mwanangu, naye aligundua kwa bahati tu.

Ilikuwa Septemba 2019. Kijana ndiyo kwanza ameanza masomo ya uhasibu chuoni, na mnawajua watoto wetu: wakishasoma wiki mbili, kila karatasi ya nyumbani wanaigeuza mtihani. Alikuwa amekaa meza ya nyuma kwenye mkahawa wangu, hapa mashariki mwa Toronto, akachomoa mkataba wa pango kwenye bahasha ninamoweka makaratasi yote, akawa anausoma huku akila mahamri. Mimi nilikuwa nakanda unga wa kesho.

"Mama, hii BIA ni nini?"

Nikamjibu ni kodi. Kila nisichokielewa kwenye mkataba ule nilikuwa nakiita kodi.

"Si kodi ya serikali. Ni ya jumuiya ya wafanyabiashara wa mtaa huu. Unawalipa dola 50 na kitu kila mwezi, imeingizwa kwenye malipo ya ziada ya pango. Mama, wewe ni mwanachama."

Nikaacha unga. Nilifungua mkahawa mwaka 2013. Akanipigia hesabu palepale kwenye simu yake: zaidi ya dola 3,500. Nilikasirika, nisiwafiche. Pesa hizo ni viazi karai vingapi? Ni asubuhi ngapi za kuamka saa kumi alfajiri, nje baridi inakata masikio, nikachemsha mbaazi? Na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeingia dukani kwangu akasema, mama, kuna kikao, karibu.

Kumbe matangazo yalikuwa yanakuja. Yalikuwa yanakuja kwa barua, kwa Kiingereza kigumu, nami nilikuwa nayatupa pamoja na vijikaratasi vya piza.

Kesho yake nilikwenda kumuuliza mzee wa duka la vyombo, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Huyu ni Mhindi aliyezaliwa Kampala. Aliletwa Kanada akiwa kijana mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza. Kiswahili chake ni kile cha dukani, hakina ngeli wala mpangilio, lakini akikusalimia nacho katikati ya theluji, moyo unayeyuka. Kumbe mzee ndiye mweka hazina wa jumuiya yenyewe! Miaka sita tunaamkuana, namuuzia bajia, hajapata kunitajia. Nilipomlalamikia akacheka, akasema, "Mama, mimi nadhani wewe jua lakini hapana taka."

Akanipa kiti, akanieleza. Na kwa kuwa wengi wenu huko mliko mna vibanda, saluni, maduka ya simu na ofisi za kutuma pesa, afadhali niwaeleze na ninyi jinsi jambo hili linavyokwenda, maana nchi nyingi za huku zina kitu cha namna hii.

Asili yake ni hapahapa Toronto. Upande wa magharibi wa mji, barabara ya Bloor, wenye maduka walikuwa wakitegemea watu wanaoshuka kwenye tramu. Mwaka 1964 likafunguliwa Yorkdale, jengo kubwa la maduka lenye maegesho tele. Mwaka 1968 reli ya chini ya ardhi ikarefushwa kuelekea magharibi, tramu ikaondoka, na wateja waliokuwa wakipita mbele ya vioo vya maduka wakawa wanapita chini ya sakafu zake. Wafanyabiashara wakasema tuchange, tuweke taa, viti na miti, watu wawe na sababu ya kupanda juu. Wakachanga. Lakini mnajua michango ilivyo. Wapo waliotoa, na wapo waliokaa kimya wakingoja taa za wenzao ziwamulikie. Ndipo wakaiomba serikali sheria: wengi wakikubali, basi kila mwenye biashara ndani ya mipaka alipe. Sheria ikapatikana, na mwaka 1970 Bloor West Village ikawa ya kwanza ya aina yake duniani. Leo katika mji huu kuna zaidi ya themanini.

Kwa hiyo ile dola 50 inatoka hivi. Mwisho wa mwaka jumuiya inaitisha mkutano mkuu, wanachama wanapiga kura juu ya bajeti ya mwaka ujao. Bajeti inapelekwa kwa baraza la mji. Likiidhinisha, mji unawatoza wenye majengo ya biashara pamoja na kodi ya jengo, kisha pesa zinarudishwa kwa jumuiya. Mwenye jengo naye hakubali kubaki na mzigo, anautua juu ya mpangaji. Hapo ndipo nilipo mimi. Ila sheria inasema mpangaji ni mwanachama kama mwenye jengo, na kila mmoja ana kura moja, uwe unapangisha chumba kimoja au unamiliki majengo matano. Mzee alinirudia hilo mara tatu, akinionyesha kidole kimoja. "Moja, mama. Yeye moja, wewe moja."

Nimecheza mchezo wa akina mama tangu Mombasa, na hapa Toronto bado nacheza. Mchezo una raha yake: unawajua wenzako, na zamu yako ikifika unapokea. Huu wa mtaa hukuchagua wenzako, na zamu haifiki mkononi. Inafika kwenye nguzo ya taa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikishinda kwenye duka la leso la ami yangu, Biashara Street, na kumi la mwisho la Ramadhani hapakuwa na pa kukanyaga. Lakini kila mwenye duka alifagia mbele yake mwenyewe na kutundika balbu zake mwenyewe. Taka zilizokuwa katikati ya njia hazikuwa za mtu. Nadhani ndiyo maana jambo hili lilinichukua muda kuingia akilini.

Mkutano ulikuwa ukumbi wa maktaba, jioni ya Jumanne. Wanachama tunazidi mia. Wenye kura tulioketi tulikuwa 19, na mimi nikiwemo, bila kumhesabu mwanangu aliyekuja kunitafsiria nikikwama. Hoja kubwa ilikuwa kuongeza bajeti ili yanunuliwe mapambo mapya ya taa za Desemba. Watu wanne watano wakazungumza, wote wenye majengo. Nikanyosha mkono. Magoti yalikuwa yanacheza chini ya meza. Nikauliza: taa hizi zikipendeza, mtaa ukapanda bei, nani anafaidi? Maana mimi nalipia taa leo, kisha mwakani napandishiwa pango kwa sababu mtaa una taa.

Ukumbi ukanyamaza. Mwenyekiti alisema ni swali zuri. Nimeishi nchi hii vya kutosha kujua kwamba swali likiitwa zuri, jibu halipo. Kura zikapigwa, taa zikapita, 12 kwa 7. Tulipotoka mwanangu akaniambia, "Lakini mama, saba!" Mimi sikuona cha kufurahia.

Kisha ikaja korona, na mengine mnayajua.

Sitaki kurefusha habari za mwaka 2020, kila mmoja wetu ana zake. Nitasema moja tu. Kiangazi kile mji ulianzisha mpango wa CaféTO, wa kuruhusu mikahawa kuweka meza barabarani, pale magari yanapoegeshwa. Kulikuwa na fomu, vipimo, bima, ramani ya kuchora. Mimi ningekata tamaa ukurasa wa kwanza. Jumuiya ndiyo iliyokuja na futi ya kupimia. Msichana wao wa ofisini, ofisi yenyewe chumba kimoja na feni, alijaza fomu za mikahawa yote ya mtaa mmoja baada ya mwingine. Nikapata meza nne nje. Meza nne! Ndizo zilizonilipia pango mwezi wa Julai na Agosti. Mwenye duka la dawa alinuna, akasema wagonjwa wake hawana pa kuegesha, na sikumlaumu, kwa sababu ni kweli. Mpaka leo tukikutana ananiamkua kwa kichwa tu.

Tangu hapo nikaanza kuuangalia mwaka wa mtaa kwa jicho jingine. Januari hadi Machi ni kimya na theluji, wanaleta mtu wa kutufundisha mambo ya ushuru. Mei vinatundikwa vikapu vya maua. Kiangazi wanaajiri wanafunzi wawili watatu kufagia, kubandua matangazo kwenye nguzo na kupita maduka yote kuandika lipi limefungwa. (Wanafunzi mnaosoma haya: nafasi hizo nyingi hulipiwa na mpango wa serikali uitwao Canada Summer Jobs, wa vijana wa miaka 15 hadi 30. Mliokuja kwa viza ya masomo hamruhusiwi, lakini wenye ukaazi wa kudumu na wakimbizi waliokubaliwa wanaruhusiwa. Ulizeni mapema, msingoje shule zifungwe.) Agosti barabara inafungwa Jumamosi moja kwa tamasha.

Hilo tamasha zamani nililichukia. Wateja wangu wa biriani huja na magari kuchukua sahani zao, barabara ikifungwa wananikimbia. Mwaka 2022 mzee akanishauri nitoe meza nje nikaange viazi karai watu wanaona. Mambo ya moto yana kibali chake, na kibali kilikuwa kimechelewa, basi nikakaanga ndani, binti yangu akawa anakimbia na sinia. Saa nane mchana viazi vimekwisha, ukwaju umekwisha, nikawa nauza chai tupu. Watu niliokaa nao mtaa mmoja miaka tisa walikuwa wanaonja chakula changu mara ya kwanza. Mama mmoja mzee wa Kichina anayekaa juu ya duka la viatu aliniuliza, hii ni ya wapi? Nikamwambia Mombasa. Sasa huja kila Alhamisi, na sharti lake pilipili iwe pembeni.

Oktoba mwaka huohuo ulifanyika uchaguzi wa mji, na bodi za jumuiya hizi nazo huchaguliwa upya kila miaka minne pamoja na baraza. Mzee akasema amechoka, macho hayaoni tarakimu. Akanitaja mimi. Nilikataa mara mbili, kwa sababu Kiingereza changu cha mikutano ni cha kuchechemea. Mara ya tatu nikakubali, zaidi kwa kumwonea haya. Si mweka hazina, mjumbe tu. Kazi haina mshahara. Kikao ni mara moja kwa mwezi, na nusu yake ni kubishana juu ya mapipa ya taka.

Mwaka 2023 mkataba wangu ulitimiza miaka kumi. Mwenye jengo akaleta bei mpya, pango juu kwa theluthi moja. Katika barua yake alisema mtaa "umeimarika sana", akataja maua na taa. Nilisoma sentensi hiyo nimesimama mlangoni, na juu ya kichwa changu kuna kikapu cha maua nilichopigia kura mimi mwenyewe.

Nilikwenda kwenye bodi. Jumuiya haina uwezo wa kumzuia mwenye jengo kupandisha pango, hilo liko nje ya mamlaka yake, na wenye majengo nao ni wanachama, tena wanaohudhuria. Nilichopata ni kwamba mwenzangu mmoja wa bodi, mwanamama wa Kireno mwenye saluni, alikuwa amepitia hayohayo, akanipa namba ya wakili wake. Mwanangu naye, sasa amemaliza chuo, akaweka mezani hesabu za miaka mitatu. Tulikaa na mwenye jengo mara nne. Tukatoka na ongezeko la nusu ya alilotaka, kwa miaka mitatu badala ya mitano. Sijui niite ushindi. Biriani imepanda dola mbili, na wateja wawili watatu wa zamani sijawaona tena.

Mtu ataniuliza, sasa mbona bado umo? Nimejiuliza pia. Maua yangetundikwa hata nisipokuwepo, na pango lingepanda. Tofauti ni kwamba vuli hiyo bajeti ilipoletwa niliomba sehemu ya pesa za taa ihamishwe, wapangaji walipiwe saa chache za wakili kabla ya kusaini mkataba. Safari hii nilikuwa nimepita duka kwa duka wiki nzima na mfuko wa mahamri. Ukumbini tulikuwa 41. Hoja ilipita kwa kura sita.

Mwezi uliopita jirani mpya amefungua kibanda cha kusuka nywele pale palipokuwa na duka la vyombo. Mzee amehamia kwa mwanawe, Mississauga. Ni binti wa Kieritrea, hajafika miaka thelathini. Nilimpelekea chai na kaimati, tukakaa kwenye maboksi kwa kuwa viti vilikuwa havijafika. Nikamwuliza kama anao mkataba wake karibu. Akautoa kwenye mkoba. Nikamwambia afungue ukurasa wa malipo ya ziada, ashuke na kidole mpaka aone herufi tatu.

Akaziona. Akaniuliza, "Hii ni kodi?"