Kinyonga wa Kebirigo

Ukitoka mjini Nyamira kuelekea Chemosit utafika Kebirigo, soko lililozungukwa na mashamba ya majani chai. Hapo nilimkuta mjukuu wa mwenyeji wangu ameinua jiwe ampige kinyonga aliyekuwa kwenye ua wa miti.

"Mjomba, huyu ana mkosi," alisema.

Nilimsimulia habari za kisiwa cha Jamaika. Iguana, mjusi wao mkubwa, alidhaniwa ametoweka hadi mwaka 1990, mbwa wa mwindaji alipomkamata mmoja katika vilima vya Hellshire. Wataalamu wakalea makinda mjini Kingston, yakakua, wakayarejesha msituni.

Kinyonga huyu kisiwa chake ni ua huu tu. Usiku tulimmulika kwa tochi: amelala kwenye ncha ya tawi, amepauka. Kijana hakuwa na jiwe.