Chakula cha Kyela na Mwambao wa Nyasa

Ndugu zetu wasomaji, wengi wenu mkisikia jina la Kyela hukumbuka mchele tu. Na haki mnayo, kwani jina la mji huu limeandikwa juu ya magunia katika masoko ya Dar es Salaam, Mbeya na Zanzibar, na hata juu ya magunia ambayo punje zake hazikupata kuiona Kyela. Sisi tumekaa hapa tukisomesha watoto chuoni zaidi ya miaka ishirini, nasi tuna udhaifu mmoja ambao jamaa zetu nyumbani hututania nao, nao ni kupenda chakula. Twasafiri kwa ajili yake. Mwalimu mwenzetu husema kuwa watu wengine hufunga safari kuwazuru wazee wao, na sisi hufunga safari kuyazuru masufuria. Basi tumeona yafaa tuwaeleze wenye nyumba, khasa akina mama wanaopika na akina baba wanaonunua, habari za chakula cha nchi hii, na jambo moja zito lililokipata.

Nchi ya Kyela ni bonde tambarare, joto, karibu sawa na maji ya ziwa, na ziwa lenyewe liko kiasi cha mita 475 juu ya bahari. Nyuma yake ni milima ya Rungwe, na upande wa mashariki milima ya Livingstone yashuka mpaka majini pale Matema. Mvua zake ni nyingi mno. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka na udongo wa milimani na kuumwaga bondeni, na mwaka mwingine mito hiyo huingia majumbani bila ya kubisha hodi. Tope hilo ndilo shamba la mpunga.

Walakini mpunga si mwenyeji wa asili hapa. Wanyakyusa zamani walikuwa watu wa ndizi, maharage, ulezi na maziwa. Kando ya ziwa hili wali ulikuja na watu wa pwani, wale Waswahili na Waarabu waliofanya makao Nkhotakota, upande ambao leo ni Malawi, katika miaka ya 1840, na wengine baadaye Karonga, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wetu wa Kasumulu. Biashara yao kubwa ilikuwa pembe na watumwa, na hilo hatulifichi wala hatulipambi. Mlozi wa Karonga alinyongwa mwaka 1895 baada ya vita vyake na Waingereza. Mashamba ya mpunga yalibaki.

Mchele wa Kyela hujulikana kwa harufu. Mpunga mpya ukivunwa kuanzia mwezi wa Mei na kukobolewa, mtu apitaye uchochoroni hujua nyumba ipi imeinjika wali na nyumba ipi bado. Wataalamu wasema harufu hii ni ya jamaa moja na ile ya mchele wa Basmati na ule wa Thailand, nayo imo ndani ya punje yenyewe, hupungua mchele ukikaa ghalani muda mrefu. Kwa hiyo akina mama mkiupata mchele mpya msiuzidishie viungo. Maji yake pia yawe machache kuliko ya mchele wa zamani, kwani punje bado ina unyevu wake, na ukiyajaza utapata uji. Chumvi kidogo, mafuta kidogo, moto wa kiasi, na makaa juu ya kifuniko. Sisi twapenda pilau, tena sana, lakini kuupikia pilau mchele mpya wa Kyela twaona ni kama kumpaka mafuta mazuri mtu aliyekwisha kujipaka ya kwake.

Tulipokwenda Dar es Salaam kwa harusi ya jamaa, tulipelekwa kwa muuza mchele mmoja aliyetuapia kuwa mali yake yote yatoka Kyela. Tukachukua punje kiganjani, tukazipulizia pumzi ya moto, tukanusa. Hapana kitu. Tukamwuliza yatoka Kyela ya wapi, naye akacheka, akatuuzia gunia jingine lililokuwa nyuma. Hilo nalo lilikuwa limechanganywa, ila kwa ukarimu kidogo. Mnunuzi afanye kama tulivyofanya, anuse kabla ya kulipa. Wala asiamini maandishi ya gunia, kwani gunia huuzwa tupu pia.

Ama samaki, hapo ndipo tunapochelewa kurudi nyumbani. Usipa ni dagaa wa ziwa hili, wembamba, wang'aao kama fedha. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na asubuhi huanikwa mchangani mpaka ufuko mzima ukameremeta. Walio wabichi hukaangwa wakaliwa pamoja na mifupa yao. Magege ni mnene, mwenye mafuta, mzuri kwa kuchoma. Lakini bwana wao wote ni mbasa, samaki mrefu kama mkono wa mtu mzima, mwenye nyama nyeupe, ambaye wakati wa mvua hutoka ziwani akapanda mitoni kwenda kutaga. Nyama yake ina vijiba vingi, wala mtu mwenye haraka asimle.

Mahali pa kumla ni Matema, siku ya Jumamosi, penye soko la Lusungo. Wanawake wa Kikisi huja kwa mitumbwi kutoka Ikombe, wamepakia vyungu walivyovifinyanga kwa mikono, wakavisugua kwa mawe, wakavipaka udongo mwekundu na kuvichoma kwa moto wa nyasi mahali pa wazi. Chungu cha Ikombe hupika polepole na hushika joto. Bibi mmoja hapo hupika mbasa kwa mawese ya hapa hapa Kyela, kitunguu, ndimu na pilipili, kisha hufunika kwa jani la mgomba. Hana kibao wala jina la duka. Ana mabenchi mawili na mwavuli. Tumepata kula katika hoteli za vigae huko mijini, penye watumishi waliovaa tai, na tulikuwa tukila huku tukimkumbuka bibi huyu.

Kwenye ziwa hili huonekana pia mawingu meusi kama moshi, nayo ni wadudu wadogo mno wanaotoka majini kwa maelfu na maelfu. Upande wa Malawi watu huwakusanya, huwaponda wakafanya mkate, na Livingstone aliandika habari zake katika karne ya 19. Tuliletewa mkate huo tukiwa Karonga. Sisi twafuata madhehebu ya Shafi, ambayo katika wadudu huturuhusu nzige, basi tulishukuru, tukamwachia aliyetualika. Alifurahi kupata sehemu mbili.

Msafiri Mwislamu katika nchi hii hana budi kuuliza. Wakazi walio wengi ni Wakristo, na nyama ya nguruwe hupikwa karibu na barabara zote kutoka Mbeya mpaka Kasumulu. Hatuwalaumu, ni chakula chao. Lakini kikaango kimoja hukaanga ndizi na hukaanga hayo mengine, na mafuta hayana macho. Desturi yetu ni kumwuliza mama lishe kwa adabu, naye karibu siku zote hujibu kweli. Tumepata kuambiwa, "Baba, hapa usile, nenda kwa yule pale," na mama huyo amepoteza wateja kwa ulimi wake. Penye shaka twala mbalaga, zile ndizi mbichi za Kinyakyusa, zilizopikwa na maharage. Hata katika maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, ambako kila mwezi wa Agosti wakulima wa nyanda za juu kusini huonyesha mazao yao na wapishi hushindana kwa moshi, sisi tumeshinda siku nzima kwa ndizi, viazi vya Rungwe na maziwa, tukarudi tumeshiba vizuri kabisa.

Sasa tuingie katika lile jambo zito.

Kwa miaka mingi katika Tanzania imekuwa desturi kwamba penye karamu ya watu mchanganyiko, mnyama huchinjwa na Mwislamu ili wote wapate kula. Hapa Kyela sisi tumeitwa mara nyingi, alfajiri, kwa harusi na kwa misiba, na mwenye shughuli alikuwa Mmoravian au Mlutheri. Tulikwenda na kisu chetu, tukachinja, tukapewa chai, tukarudi chuoni. Na desturi hii iliingia juu ya desturi iliyo kongwe zaidi. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliwakuta wakiishi katika vijiji vya marika. Vijana wa umri mmoja walijijengea kijiji chao, wakala pamoja, wakienda kwa zamu kwenye nyumba ya mama wa huyu na mama wa yule. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Kitabu alichokitoa bibi huyo mwaka 1951 kimeeleza habari hizo kwa urefu.

Kisha ukaja mwaka 2013. Mwezi wa Februari, Buseresere huko Geita, watu waligombana juu ya nani achinje, na mchungaji mmoja akauawa. Mwezi wa Aprili fujo ya jambo lilo hilo ikatokea Tunduma, ambayo si mbali na sisi. Maneno yakafika Kyela kabla ya magazeti. Watu waliokuwa wakituamkia "Shikamoo, Mwalimu" kutoka mbali, wakawa wanatuamkia karibu, kwa sauti ndogo.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, mzee mmoja wa upande wa Ipinda alimwoza mwanawe, akatuma kijana kutuita. Kwetu wako waliosema tusiende, ati tutakuwa tumejitia fitinani. Kwake wako vijana waliosema hapatachinja Mwislamu uani pale. Sisi tulikwenda. Tulimkuta mzee amekaa juu ya kinu kilicholazwa, mbele yake ng'ombe wawili wamefungwa. Akatuambia, "Mwalimu, watoto wangu wamekula kwenu Idi tangu hawana meno. Leo nikikupa soda na biskuti, nitalala?" Kisha akawageukia wanawe akasema ng'ombe mmoja ni wa Mwalimu, mmoja ni wao, na anayetaka maneno zaidi amsubiri afe.

Basi tulichinja wetu, nao wakachinja wao. Meko yakawa mawili, na masufuria ya kwetu yakafungwa uzi mwekundu kwenye mishikio. Wali ulipikwa mmoja, kwa kuwa wali haukugombewa na mtu. Tulikula halali, tena tulikula vizuri. Mabaraza yakawa mawili pia. Mwanafunzi wetu mmoja na mjukuu wa mzee yule, waliozoea kunyang'anyana mfupa katika sinia moja, walikaa kila mmoja upande wake wakitazamana. Masheikh wana maneno yao juu ya nyama ya Watu wa Kitabu, nasi hatuingii humo leo. Tunalosema ni kwamba siku ile dini haikupungukiwa na kitu, lakini jirani tulimpunguza. Watu hutuambia kuwa mpango ule wa ng'ombe wawili ni amani. Ni amani, ndiyo. Sisi hatukuupenda.

Na mzee hakuupenda vile vile, kwani alipomwoza binti yake miaka miwili baadaye, tulifika alfajiri na kisu chetu, tukakuta hapana ng'ombe uani. Palikuwa na matenga yaliyofunikwa majani ya mgomba. Akafunua, akatuonyesha mbasa. "Huyu amejifia mwenyewe, Mwalimu. Hakuna aliyemchinja. Nani atakasirika?" Alicheka mpaka akakohoa. Meko yakawa ya aina moja, baraza likawa moja, na wale wavulana wawili, sasa wameota ndevu chache, walikula sinia moja wakitoana miba.

Tangu siku hiyo tumeona shughuli kadhaa zimefanywa kwa samaki, na si za mzee yule tu. Tatizo ni kwamba mbasa amekuwa adimu. Hata kwa harusi ile mashua ya Ikombe ilikuja nusu tupu baada ya siku mbili, ikabidi kujazia magege na usipa. Wavuvi wazee wasema sababu ni nyavu za macho madogo zinazotegwa vinywani mwa mito wakati wa mvua, wakati samaki wanapopanda kutaga, hata anayepita hana mlango. Tulimsikia mvuvi mmoja kijana akijibu kuwa asipomchukua yeye atachukua mwingine wa ng'ambo. Ng'ambo, Karonga, tulisikia jibu lilo hilo kwa Kitumbuka.

Mwenye nyumba atakayefunga safari kuja kuonja haya, na aje mwezi wa Juni au Julai, mchele ukiwa mpya na barabara ya Matema imekauka. Alale Kyela usiku wa Ijumaa, aondoke mapema, na afike sokoni kabla ya saa nne. Chungu asikinunue mpaka amekigonga kwa kidole na kusikia kinalia. Na kwa yule bibi mwenye mwavuli amwombe kipande cha karibu na kichwa, ambacho hakitoi mpaka aombwe, kisha ale taratibu kwa sababu ya miba.