Vifupisho na Heshima ya Mwananchi

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hii niliisoma darasani, nikaitia katika mashairi yangu, nikawausia wanangu; lakini mimi mwenyewe sikuifuata hata nikapita umri wa miaka hamsini.

Nimelitumikia Taifa kwa miaka mingi nikiwa karani wa masjala. Majalada na namba zake niliyajua kama nijuavyo vina na mizani. Ofisi yetu ilipoanza kuhifadhi kumbukumbu zake katika kompyuta, nami nilihamishiwa kitengo cha TEHAMA, kazi yangu ikiwa kupokea malalamiko ya watu na kuyafikisha kwa mafundi. Siku ya kwanza nilisikia LAN, WAN, IP, DNS na DHCP zikirushwa mezani kama karata. Walipotaja ukuta wa moto, mimi malenga nilikumbuka kwanza UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Nikaona haya kuuliza mbele ya vijana wenye shahada, hali elimu yangu ni ya kidato cha nne. Nikawa naitikia kwa kichwa.

Kosa hilo lilinirudia upesi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alifika kutoka mbali kufuatilia hati zake. Kompyuta ikakataa kulifungua jalada lake. Fundi akaniambia kwa simu, "DNS haijibu." Nami nikamgeukia mzee, nikatamka vilevile kwa sauti ya mjuzi: "Mzee wangu, DNS haijibu."

Akanitazama kwa upole, akauliza, "Huyo DNS, mwanangu, yuko likizo?"

Sikucheka, maana hata mimi sikujua. Akachukua kofia yake, akaondoka, nauli yake ikiwa imekwenda bure.

Jioni ile nilimwendea fundi mmoja, binti wa rika la mwanangu, nikamwomba anifundishe. "Baba," alisema, "mbona hukuuliza siku zote hizo?" Nikanunua daftari. Kila kifupisho nilikikunjua herufi kwa herufi. Na kwa kuwa kukunjua peke yake hakukutosha, chini yake niliandika kwa Kiswahili kazi kifanyayo kitu chenyewe.

Kumbe mengi hayakuwa mageni. Anwani ya IP ya toleo la nne ina sehemu 4, na kila sehemu ina biti 8. Jumla ni 32. Ubeti wa utenzi nao una vipande 4 vyenye mizani 8, jumla 32! Sisemi kwamba mafundi waliwaiga watenzi wetu. Hiyo ni sadfa tu. Lakini kwa sadfa hiyo sikuisahau tena hesabu ile, na nikafahamu kwa nini hakuna sehemu ya anwani inayozidi 255: biti 8 hazibebi zaidi, kama kipande cha utenzi kisivyobeba mizani ya 9.

Kadhalika itifaki ya TCP, ambayo misingi yake ilielezwa na Vinton Cerf na Robert Kahn huko Marekani mwaka 1974. Kompyuta inayotaka mazungumzo hutuma kwanza ishara ya kuomba. Ya pili hujibu kwamba imesikia na iko tayari. Ya kwanza huthibitisha. Ndipo habari hupita. Mtoto wa Kiswahili hufundishwa utaratibu huo kabla hajaanza shule: hodi, karibu, ahsante, ndipo aingie.

Na DNS? Huo ni Mfumo wa Majina ya Vikoa, alioubuni Paul Mockapetris mwaka 1983. Kompyuta hutafutana kwa namba, ilhali sisi binadamu hukumbuka majina. Mfumo huu hupokea jina na kurudisha namba.

Mzee aliporudi juma lililofuata, nilimwamkia, nikamwomba radhi, nikamweleza hayo. Akatabasamu, akasema, "Kumbe ni masjala!"

Neno lile lilinichoma. Miaka yote nilikuwa nikipokea majina ya watu na kutafuta namba za majalada yao. Kazi niliyoiogopa chini ya herufi tatu ndiyo iliyonilea. Yeye aliitambua mara tu alipoelezwa.

Sisemi kwamba kifupisho ni adui. Taifa letu limeunda TEHAMA kutokana na Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, na UKIMWI kutokana na Upungufu wa Kinga Mwilini. Ukivikunjua unakutana na maneno ya Kiswahili unayoyajua. Kifupisho ni mzigo uliofungwa kwa safari ya wanaojua yaliyomo. Anayeufikisha kwa mgeni sharti aufungue. Asiyeufungua, ama hajui yaliyomo, kama nilivyokuwa mimi, ama hataki mwenzake ajue. Na yote mawili humnyima mwananchi haki yake.

Basi, ndugu mwalimu, mwanafunzi akikuuliza maana ya kifupisho, usimjibu kwa herufi tu. Mweleze kitu chenyewe kinafanya nini. Nawe mwanafunzi, usiitikie usichokijua, kwani kesho utaketi mezani, na mbele yako atasimama mzee aliyetoka mbali.

Daftari langu ninalo hata leo. Katika ukurasa wa kwanza nimeandika swali la yule mzee: "Huyo DNS yuko likizo?" Kila ajapo mgeni katika kitengo chetu, mimi humwonyesha ukurasa huo kwanza.