Bambo la Baba

Katika nyumba yetu, kijiji kimoja kando ya barabara iendayo Laela, kulikuwa na chuma kilichotundikwa ukutani juu ya kitanda cha baba, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Kilikuwa kirefu kama mkono wa mtoto, kimechongoka upande mmoja, na ubavuni kina mfereji. Hilo ndilo bambo. Mnunuzi wa nafaka hulidunga guniani, akalizungusha kidogo, kisha akalichomoa likiwa limebeba punje za kujaza kiganja. Kwa punje hizo huamua habari ya gunia zima. Baba alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, akiwanunulia mahindi wafanyabiashara wa mjini, na sisi watoto tulikatazwa kuligusa kama watoto wa askari wanavyokatazwa kugusa bunduki.

Msomaji asiyeifahamu Ufipa na ajue kwamba ni uwanda wa juu uliokaa kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi. Miti ni michache, upepo ni mwingi, na ifikapo Juni na Julai baridi huingia hadi kwenye mifupa. Ndiyo majira ambayo mvua zimekwisha na mbingu ni safi, na kijijini kwetu siku zile hapakuwa na taa ya umeme hata moja. Nyota zilikuwa karibu mno. Siwezi kusema kwamba nilizitazama kwa uhuru. Jina la mji wetu, kama wengi wanavyolifasiri, ni amri ya kutupa uchawi, na mtu anayesimama peke yake uani saa saba za usiku akiangalia juu ana maswali ya kujibu asubuhi.

Hata hivyo nilitazama. Mwezi wa Juni, giza likishaingia, Msalaba wa Kusini huwa umesimama wima, na Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza mbingu, hupita papo hapo. Ubavuni mwa Msalaba kuna doa jeusi, kana kwamba mtu ameukata mkanda kwa mkasi na kuondoka na kipande. Nilimwuliza baba pale pana nini. Aliangalia kidogo, akajifunga vizuri blanketi lake, akasema, "Hapo hapakupandwa kitu, mwanangu." Lilikuwa jibu la mkulima, nami niliridhika nalo kwa miaka zaidi ya kumi.

Nilikuja kujua kinyume chake nikiwa mwanafunzi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitabu kilichokuwa kimepoteza jalada. Doa lile wataalamu huliita Gunia la Makaa. Si tundu. Ni wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 600, na weusi wake unatokana na vumbi linaloziba nyota zilizo nyuma. Mawingu ya namna hiyo ndimo nyota huzaliwa. Kilimia, ambacho wakulima wetu wa zamani walikitazama ili kujua majira, ni nyota zilizotoka katika wingu moja yapata miaka milioni 100 iliyopita. Kwa umri wa nyota, hao ni watoto wa shule ya msingi.

Kilichonishangaza zaidi ni baridi. Nilidhani kwamba nyota, kwa kuwa ni moto, lazima zizaliwe penye moto. Sivyo. Gesi yenye joto hutanuka na kukataa kukusanyika. Ile iliyopoa hadi nyuzi 260 hivi chini ya sifuri ndiyo inayokubali kuvutwa na uzito wake yenyewe, ikajishindilia mpaka kitovu chake kikawaka. Na katika baridi hiyo atomi za haidrojeni huwa zimeshikana mbilimbili zikawa molekuli. Kwa hiyo anayetaka kujua kama galaksi fulani bado ina uzazi, iwe hii yetu au nyingine yoyote, hana budi kupima kwanza ina gesi ya molekuli kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi niliyokwenda kuisomea Ulaya mwaka 1998, baba akiwa ameuza ng'ombe wawili ili nipate nauli na koti.

Kuna shida moja. Molekuli ya haidrojeni, ikiwa katika baridi, ni bubu. Pande zake mbili zinalingana kabisa, na kitu cha namna hiyo hakitoi mawimbi kwa urahisi. Gesi iliyo nyingi kuliko zote katika wingu ndiyo isiyosema neno. Inayosema ni mwenzake mchache, kaboni monoksidi, hewa ileile ya jiko la mkaa inayoua watu huku kwetu wanapofunga madirisha usiku wa baridi. Katika molekuli 10,000 za haidrojeni, yeye ni mmoja hivi; lakini hutoa wimbi la redio lenye urefu wa milimita 2.6, na wimbi hilo linasikika. Waliolisikia kwa mara ya kwanza kutoka angani ni Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias, mwaka 1970, walipoelekeza darubini ya redio ya huko Arizona kwenye wingu la Orioni. Tangu hapo wanafalaki wamekuwa wakipima kaboni monoksidi, wakizidisha kwa kigezo walichokubaliana, na kupata haidrojeni. Mwalimu alipotueleza hayo darasani nilicheka peke yangu, wenzangu wakanigeukia. Lilikuwa bambo tupu.

Na bambo hilo limefanya kazi kubwa, nisilidharau. Kwa njia hiyo tumejua kwamba galaksi kubwa za jirani zetu hutumia gesi yake polepole sana, hata kwamba kwa mwendo zilio nao akiba hiyo ingechukua miaka kama bilioni mbili kwisha. Hii yetu huzaa nyota zenye uzito wa jua moja au mawili tu kwa mwaka. Nyota kubwa zikishazaliwa hupuliza na kulitawanya wingu lililozizaa, kwa hiyo sehemu ndogo tu ya wingu ndiyo hugeuka nyota, na iliyobaki hurudi kuzurura.

Mwaka 2001 nilipewa zamu ya usiku kadhaa kwenye darubini ya Pico Veleta, kusini mwa Hispania, yenye sahani ya mita 30, mlimani penye theluji. Baridi ile haikunitisha, nilizaliwa nayo. Nilikuwa na galaksi ndogo kadhaa za kupima, na mojawapo haikunipa kitu. Usiku wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa tatu vilevile. Nikachukua kigezo kilekile kinachotumika kwa galaksi yetu, nikapiga hesabu, nikaandika kwamba galaksi hiyo imeishiwa. Makala ikachapishwa. Mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akipanga utafiti wa miaka mitatu aliisoma, akaifuta galaksi hiyo katika orodha yake.

Miezi michache baadaye niliisimulia kazi hiyo mbele ya mkutano. Mama mmoja mtu mzima, aliyekaa nyuma na koti lake magotini, alinyosha mkono. Aliuliza swali moja: nyota za buluu zinazoonekana kwenye picha yangu zimetoka wapi? Nyota kubwa za buluu haziishi muda mrefu. Miaka milioni chache tu zinakwisha. Kama zipo, zimezaliwa juzi. Kama zimezaliwa juzi, zilizaliwa katika nini? Nilisimama na kijiti changu cha kuonyeshea, sikuwa na jibu. Sijawahi kuona aibu kama ile, na mimi nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya kanisa Jumapili.

Kosa lilikuwa hili. Kaboni na oksijeni hupikwa ndani ya nyota, kama kilivyopikwa kwanza humo chuma ambacho wazee wetu walikuja kukiyeyusha katika malungu, zile tanuri ndefu za udongo za Wafipa. Galaksi ndogo, ambayo haijapika sana, ina kaboni haba na vumbi haba. Pasipo vumbi la kukinga, mwanga mkali wa nyota changa huivunja kaboni monoksidi. Haidrojeni hujikinga yenyewe kwa wingi wake, hivyo hubaki. Kaboni monoksidi husalia katika kitovu kidogo tu cha wingu. Ukidunga hapo bambo, linapita katika mzigo uliojaa na kutoka tupu. Wapo walioyasema hayo kabla yangu, nami nilikuwa nimeyasoma. Nilikuwa na haraka.

Nilirudi likizo mwaka 2003, nikamweleza baba jioni moja tukiota moto. Sikutarajia afuatilie, lakini nilipofika kwenye kigezo alinikatiza, "Ulidunga sehemu moja?" Nikamwambia sivyo hasa, ila ni kama hivyo. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaniambia jambo ambalo hata mama hakupata kulisikia.

Mwaka 1992, mjane mmoja alileta mahindi kwa mkokoteni wa ng'ombe, magunia manane. Watu walikuwa wengi na lori lilikuwa linangoja. Baba alidunga magunia mawili ya juu. Bambo likatoka na punje zilizobunguliwa, nyingine unga mtupu. Akaukataa mzigo wote. Yule mama akasema, "Baba, jaribu na ya chini." Baba akamjibu kwamba akianza kumbembelezea kila mtu magunia ya chini, lori litaota mizizi. Watu wakacheka. Mama akageuza ng'ombe. Wiki ileile mpika pombe mmoja aliyanunua mahindi hayo kwa bei ya kutupa, na ndiye aliyemwambia baba, kwa furaha ya mtu aliyeokota, kwamba mawili tu ndiyo yaliyokuwa ya msimu wa nyuma. Mengine yalikuwa mapya na safi. Januari iliyofuata mtoto wa yule mama alitakiwa kuanza kidato cha kwanza. Hakwenda.

"Ningeweza kumfuata," baba alisema. "Nilijua anakoishi."

Aliongeza kwamba kijana huyo sasa ni fundi baiskeli pale mjini, karibu na soko. Hapo nikaelewa kwa nini baba, ambaye kijijini kulikuwa na mafundi wawili, alikuwa akisukuma baiskeli yake mpaka Sumbawanga kila mwezi.

Baba alifariki mwaka 2011. Laiti angengoja kidogo ningempa habari. Kuna galaksi ndogo iitwayo WLM, kwa majina ya Wolf, Lundmark na Melotte, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 3. Usiku wa Oktoba hupita karibu na utosi wa Sumbawanga, ingawa kwa macho matupu haionekani. Vitu vizito ilivyo navyo ni kama asilimia 13 tu ya kiwango cha jua letu, na kwa muda mrefu kila aliyedunga bambo humo alitoka mikono mitupu. Mwaka 2013 kikundi cha watafiti wakitumia darubini ya APEX, kwenye jangwa la juu la Chile, hatimaye walipata mnong'ono wa kaboni monoksidi. Mwaka 2015 wakarudi na ALMA, mitambo yenye antena 66 kwenye mita 5,000 za mwinuko, wakaona vijiwingu 10, kila kimoja kidogo mno, vimejificha ndani ya mawingu makubwa ya gesi iliyo kimya. Nilipoisoma makala hiyo nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani kufundisha. Niliisoma mara mbili, kisha nikatoka nje.

Mwaka uliofuata nilikwenda sokoni na baiskeli ya marehemu. Sikuwa na hakika kama nitasema lolote. Fundi aliitambua kabla hajanitambua mimi. "Baiskeli ya mzee," alisema. "Alikuwa anailetea ugonjwa usiokuwepo. Nilikuwa nakaza njugu iliyokwisha kazwa, ananilipa, ananiuliza habari za mama." Mama yake alikuwa amekwisha kufa. Aliipindua baiskeli, akaanza kulizungusha gurudumu la nyuma na kulisikiliza.

Nikamwambia. Nilisema yote, lori, kicheko cha watu, mpika pombe, kidato cha kwanza. Aliendelea kugonga spoki moja moja kwa spana, bila kuinua kichwa, na mimi nilipomaliza alikuwa bado hajafika nusu ya gurudumu.

"Alikuambia magunia mangapi?" aliuliza.

"Manane."

"Tisa," akasema. "La tisa mama alikataa kuliuza kwa bei ile. Tulilila wenyewe mpaka Machi. Lilikuwa zuri."