Tupime Kwanza, Ndipo Tulipe

Ndugu msomaji, teksi ni shamba la mkazi wa mji. Inapolala, na jiko hulala. Kwa hiyo si jambo la mafundi peke yao kuujua mkanda wa taiming, ule wa mpira uliofichika ubavuni mwa injini.

Mkanda huo huunganisha mzunguko wa krenki na ule wa kemshafti, ili valvu zifunguke na kufungwa kwa zamu. Ukikatika, valvu husimama zilipo. Katika injini nyingi, pistoni hupanda ikazigonga zile zilizobaki wazi na kuzipinda. Valvu iliyopinda haifungi sawasawa. Mgandamizo huvuja, na silinda hupoteza nguvu. Lakini ziko injini ambazo pistoni na valvu hazikutani kamwe.

Mwaka 2014 mkanda wa teksi ya mume wangu ulikatika. Fundi mmoja alisema tununue injini nyingine; mwingine, mkanda mpya watosha. Hakuna aliyepima, na fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ada ya sekondari ya binti yetu.

Tulimtafuta wa tatu. Huyu alifunga mkanda mpya kwa kufuata alama zake, kwani pasipo mkanda kipimo cha mgandamizo hakina maana. Akaizungusha injini kwa spana, taratibu, mizunguko miwili kamili, bila kugusa stata. Haikukwama popote. Ndipo alipotoa plagi zote na kuweka geji.

Silinda ya kwanza na ya pili zilisoma paundi 170 kwa inchi ya mraba; ya tatu na ya nne hazikufika 20. Alitia kijiko cha oili katika hizo mbili, akapima tena. Kipimo kingepanda, kosa lingekuwa la ringi za pistoni. Hakikupanda. Basi akaipandisha pistoni mahali ambapo valvu zote hupaswa kufungwa, akasukuma hewa ya pampu kupitia tundu la plagi, tukasikiliza. Ingesikika mahali pa kujazia oili, tungerudi kwenye ringi. Viputo katika rejeta vingeonyesha gasketi ya hedi. Ilivuma kwenye bomba la moshi.

Hedi ilipofunguliwa, valvu mbili za kutolea moshi zilikuwa zimepinda. Zilibadilishwa hizo tu, na binti alirudi shuleni na ada yake.

Nakusihi, msomaji, usilipe kabla ya kuiona geji kwa macho yako. Tena fungua leo kitabu cha gari: kimeandika kilometa na miaka ya kubadili mkanda. Ubadilishe kabla haujakatika.