Usinyamaze Huko Mlimani

Songea,
9 Desemba 2024

Binti yangu mpendwa,

Mvua zimeanza, baba yako yuko shambani tangu alfajiri, na bibi anakuombea kila jioni. Juzi uliponiambia kwamba tangu ufike Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakuna mwalimu hata mmoja anayekujua kwa jina, usiku ule sikulala vizuri. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungeniitikia tu "sawa, shangazi".

Chuo hicho kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi hawakufika hata 15, wote wa sheria. Asiyeonekana asubuhi alijulikana mara moja. Ninyi leo mnalisoma lile somo la DS, taaluma za maendeleo, mamia kwa mamia, na mhadhiri akiinua macho anaona vichwa tu. Kwa hiyo usingoje kutafutwa. Sekondari ulizoea kengele, kuitwa majina, kukaguliwa daftari. Hapo Mlimani, chuoni kwenu, unaweza kukosa vipindi mwezi mzima asikuulize mtu, na jibu ukalipata siku ya matokeo.

Nayajua haya kwa kuwa yalinipata mimi. Mwaka wa kwanza nilikuwa bubu kwenye semina. Swali nilikuwa nalo, tena zuri, lakini nililipanga kwanza kichwani kwa Kiingereza, nikasahihisha, nikapanga tena, na nilipokuwa tayari wenzangu walishafika mbali. Nikajiona mjinga kumbe nilikuwa na aibu ya lugha tu. Nikaanza kukimbia semina, nikawa naishi kwa madesa ya kuazima. Takwimu ikanipiga sapu, ikabidi niurudie mtihani. Babu yako nilimwambia nimebaki Dar kwa ajili ya fildi. Mzee akanitumia nauli na posho, naye alikuwa ameuza mahindi yake kabla bei haijapanda. Alifariki bila kujua, na mpaka leo linaniuma.

Ni sapu hiyo iliyonipeleka kugonga mlango wa mwalimu. Nilitetemeka nikadhani nitafukuzwa. Alinisikiliza nikihangaika na maneno, kisha akasema, "Sema kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza chake tutakitafuta baadaye." Nikamwambia sielewi mchepuko sanifu ni nini, nakariri kanuni tu. Akaniuliza kwetu wanalima nini. Akachora wakulima wawili: mmoja amevuna magunia 9, mwaka wa pili 10, wa tatu 11, mwenzake 2, kisha 10, kisha 18. Wastani wao ni ule ule, magunia 10. "Ni yupi kati yao analala na njaa? Mchepuko ndio unaokujibu." Dakika kumi zilitosha, binti yangu. Nilikuwa nimezikimbia mwaka mzima.

Basi uliza. Kwenye ukumbi mkubwa ukiogopa, uliza semina. Ukishindwa semina, mfuate msaidizi wa mhadhiri mlangoni. Naye akiwa na haraka, nenda ofisini saa alizobandika. Tafuta wenzio watatu wanne wa kusoma nao, mjadili kwa Kiswahili mpaka jambo liwaingie, halafu mliandike kwa Kiingereza cha mtihani. Msibadilishane madesa tu. Desa lina majibu ya maswali ya mtu mwingine.

Unapopita Nkrumah Hall kumbuka kwamba wanafunzi wa hapo hapo mwaka 1969 walianzisha jarida lao, Cheche, wakabishana humo na wasomi wakubwa, Walter Rodney akiwa miongoni mwa walioliandikia. Mwaka 1970 lilipigwa marufuku. Mmoja wa wahariri wake alikuwa msichana, Zakia Meghji, ambaye mwaka 2006 alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii. Sikuambii ukawe waziri. Nataka ujue wasichana wamekuwa wakisema kwenye kilima hicho tangu kabla mimi sijazaliwa.

Bumu ligawe siku ile ile linapoingia: chakula, kuchapisha kazi, nauli, akiba kidogo. Ni mkopo, na ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka uishe. Simu uliyonayo inatosha. Na rafiki yako anayebebwa chumbani kwa sababu hakupata kitanda, msimnyanyapae; mkaribisheni mezani.

Alama zile 40 za kazi na majaribio ya kabla ya mtihani wa mwisho usizidharau kwa kuwa Februari iko mbali. Za mwaka wa kwanza zinahesabiwa mpaka siku utakayovaa joho, na nyingi zinapotea kwa majaribio mtu aliyoyafanya bila kuuliza alichokuwa hakielewi.

Ukipata sapu, niambie mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Sitagomba. Nauli ya kubaki nitatuma, na kwa baba yako tutakwenda pamoja.

Nimempa dereva wa basi la Alhamisi kifurushi: dagaa wa Nyasa, unga na maharage. Kakichukue Mbezi Ijumaa asubuhi. Ukikipokea nipigie, na uniambie wiki hii umemuuliza nani, swali gani.

Shangazi yako akupendaye